Johann Sebastian Bach: Fundi wa Sauti ya Katikati



Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma historia ya kwaya yetu na ratiba ya siku. Kurasa hizi chache kamati iliziweka kando kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, na ambaye alifariki zaidi ya miaka 270 iliyopita. Hata hivyo, kila anayeimba sauti nne kanisani ana deni la shukrani kwake. Mtu huyo ni Johann Sebastian Bach wa Ujerumani.

Jina lake tumelisikia wengi. Wengine tulilikuta chuoni, wengine katika mashindano ya muziki ya shule, wengine juu ya karatasi ya nyimbo iliyotolewa nakala mara nyingi mpaka haisomeki vizuri. Maisha yake ni marefu kuliko nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua upande mmoja ambao hautajwi sana. Bach alikuwa mtunzi, lakini pia alikuwa fundi wa kupanga upya nyimbo. Aliuchukua muziki uliokwisha kuandikwa, wake mwenyewe au wa watu wengine, akaupanga upya ili uwafae waimbaji na wapigaji ambao alikuwa nao siku hiyo.

Jambo hilo linatugusa. Katika kila kwaya wapo watu wanaouliza kama ni halali kugusa wimbo wa zamani. Tunaushusha kwa sababu soprano hawafiki juu. Tunampa mpiga kinanda sehemu ya tena kwa sababu tena wamehamishiwa kazi mbali. Tunatia maneno ya Kiswahili katika wimbo wa Kilatini. Kuna wanaosema huko ni kuharibu kazi ya watu. Basi tumtazame Bach, tuone yeye alifanyaje.

YATIMA ALIYENAKILI MUZIKI USIKU

Bach alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 katika mji wa Eisenach, katikati ya Ujerumani. Juu ya mji huo iko ngome ya Wartburg, ambamo Martin Luther alilitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Shule aliyosoma Bach ndiyo aliyoisoma Luther karibu miaka 200 kabla yake. Baba yake, Johann Ambrosius, alikuwa mwanamuziki aliyeajiriwa na mji, na ukoo mzima wa Bach ulijulikana kwa muziki kama ukoo mwingine unavyojulikana kwa uhunzi au useremala. Sebastian alikuwa kitindamimba kati ya watoto wanane.

Mama yake alifariki mwaka 1694. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1695, baba yake naye akafariki. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka 10. Alichukuliwa na kaka yake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga ogani katika mji mdogo wa Ohrdruf. Kaka huyo ndiye aliyemfundisha kinanda.

Wasifu wa kwanza wa Bach, uliochapishwa mwaka 1754, unasimulia kwamba kaka yake alikuwa na kitabu cha muziki wa mabingwa wa kinanda, akakifungia kabatini na kumkataza mdogo wake asikiguse. Mlango wa kabati ulikuwa wa kimia. Mtoto akapenyeza mkono, akakikunja kitabu na kukivuta nje, akawa anakinakili usiku kwa mwanga wa mbalamwezi kwa sababu hakuwa na mshumaa. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Kaka yake alipogundua, alimnyang'anya nakala yote.

Ninawaomba vijana wetu mkikumbuke kisa hicho mnapopewa karatasi ya nyimbo na kuiacha kwenye matatu. Wakati ule kunakili kwa mkono kulikuwa shule. Anayenakili huona jinsi sauti zinavyokutana, mahali alto inaposubiri, mahali besi inapopanda. Bach alianza kujifunza kupanga sauti kwa njia hiyo, nota moja baada ya nyingine.

MWANAKWAYA KABLA YA KUWA MWALIMU

Mwaka 1700, akiwa na miaka 15, alisafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda kaskazini, mji wa Lüneburg. Huko shule ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli ilikuwa na kwaya iliyowapokea wavulana maskini wenye sauti nzuri na kuwasomesha. Kwa hiyo Bach alikuwa mwanakwaya kwanza, na kwaya ndiyo iliyomlipia masomo.

Akiwa na miaka 18 aliajiriwa mpiga ogani katika mji wa Arnstadt. Mwaka 1705 aliomba ruhusa ya wiki nne aende Lübeck kumsikiliza mpiga ogani mashuhuri, Dieterich Buxtehude. Inaaminika alikwenda kwa miguu, safari ya karibu kilomita 400. Badala ya wiki nne, akakaa karibu mara nne ya muda huo. Aliporudi, wakuu wa kanisa walimwita ajieleze. Walimuuliza kuhusu likizo, kisha wakaongeza shtaka la pili: kwamba anapopiga nyimbo za ibada huchomeka nota za ajabu katikati hata washarika wakachanganyikiwa.

Wapiga kinanda wetu, nadhani mmelisikia hilo. Hata fundi mkubwa kiasi hicho alipokuwa kijana alikemewa kwa kupamba wimbo kupita kiasi. Baadaye aliendelea kuzipamba nyimbo za kanisa kwa njia nyingi, lakini katika nyimbo za sauti nne alizoziandikia kwaya, ule wimbo wenyewe husikika wazi juu, nazo sauti nyingine tatu hufanya kazi yao chini yake. Huo ni mpaka mzuri kwa yeyote anayepanga wimbo wa ibada: mshiriki aliyeketi nyuma kabisa aweze bado kuutambua.

WEIMAR: KUPANGA UPYA KAZI ZA WATALIANO

Mwaka 1707 Bach alihamia Mühlhausen, akamwoa binamu yake Maria Barbara. Mwaka uliofuata wakahamia Weimar, ambako aliajiriwa na mtawala wa huko. Katika jumba hilo alikuwako kijana wa ukoo wa utawala, Johann Ernst, aliyependa muziki sana. Kijana huyo alisoma Uholanzi, na mwaka 1713 alirudi nyumbani akiwa na muziki mpya kutoka Italia, hasa wa Antonio Vivaldi.

Muziki huo ulikuwa wa koncheto, yaani fidla moja au zaidi zinashindana na kundi zima la wapigaji. Bach alichukua koncheto takriban 20 za Vivaldi na watunzi wengine akazipanga upya ili zipigwe na mtu mmoja tu, nyingine kwa ogani, nyingi kwa hapsikodi.

Hapa inafaa nieleze hapsikodi ni nini. Ni kinanda cha nyuzi kilichotangulia piano. Mpigaji akibonyeza, kijiti chenye ncha ya unyoya hudonoa waya. Sauti yake ni kali na safi, ila ina mipaka miwili. Ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole, ukubwa wa sauti ni ule ule. Pia sauti hufifia upesi. Fidla inaweza kuivuta nota moja ndefu kwa upinde na kuikuza kadiri inavyokwenda. Hapsikodi haiwezi.

Kwa hiyo Bach hakunakili tu. Penye nota ndefu ya fidla au ya zumari, aliijaza kwa nota ndogo ndogo za mapambo ili sauti isife njiani. Sehemu ya polepole ya koncheto ya zumari ya Alessandro Marcello, kama alivyoipanga yeye, ni mfano mzuri. Mahali ambapo sauti za katikati zilikuwa tupu alizijaza, na besi iliyokuwa imesimama akaifanya itembee. Wimbo ulibaki wa Mwitalia, lakini ulivikwa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha hapsikodi.

Johann Nikolaus Forkel, aliyeandika kitabu cha kwanza juu ya maisha ya Bach mwaka 1802, alieleza kwamba kazi hii ndiyo iliyomfundisha Bach kupanga mawazo yake ya muziki kwa utaratibu. Mimi kama mwalimu naiamini hoja hiyo. Mwanafunzi akiandika upya insha nzuri kwa maneno yake, hujifunza jinsi ilivyojengwa.

Kijana Johann Ernst alifariki mwaka 1715 akiwa na miaka 18. Miaka miwili baadaye Bach alitaka kuondoka Weimar. Mtawala alikataa, Bach akashikilia, na mwishowe akatiwa kizuizini kuanzia tarehe 6 Novemba hadi 2 Desemba 1717. Alipofunguliwa aliachishwa kazi kwa fedheha, akaenda zake.

KÖTHEN: VIOLA YAPEWA KITI CHA MBELE

Mwajiri mpya alikuwa mwanamfalme Leopold wa Köthen, kijana aliyepiga vyombo mwenyewe. Kanisa la pale lilikuwa la Kikalvini, ambalo halikutumia muziki mwingi katika ibada, kwa hiyo miaka hiyo Bach aliandika zaidi kwa vyombo kuliko kwa kwaya.

Mwaka 1720 alisafiri pamoja na mwanamfalme. Aliondoka nyumbani akimwacha mkewe mzima wa afya. Aliporudi mwezi Julai, alipokelewa na habari kwamba Maria Barbara amefariki na ameshazikwa. Aliachiwa watoto wanne. Mwishoni mwa 1721 alimwoa Anna Magdalena Wilcke, mwimbaji wa miaka 20, ambaye tutakutana naye tena. Katika ndoa zake mbili Bach alipata watoto 20, na 10 tu ndio waliofikia utu uzima. Tunapomsikia akiandika muziki wa kifo na ufufuo, tukumbuke kwamba alikuwa ameyasindikiza majeneza madogo mara nyingi.

Mwaka 1721, kabla ya ndoa hiyo ya pili, alituma koncheto sita kwa mwanamfalme wa Brandenburg. Ya sita ina ajabu yake: haina fidla hata moja. Walioketi mbele ni wapigaji wawili wa viola.

Viola ni dada mkubwa wa fidla. Hushikwa begani vile vile, ila mwili wake ni mkubwa kidogo na sauti yake iko chini zaidi, nzito na yenye joto. Ukiifananisha na kwaya, fidla ni soprano, viola ni alto na tena. Nyakati zile viola ilidharauliwa. Ilipewa nota za kujazia tu, na mara nyingi aliyeachiwa kuipiga ni yule ambaye hakuiweza fidla vizuri. Bach aliigeuza meza. Katika koncheto hiyo viola mbili zinafukuzana na kuitikiana kama soprano wawili, huku vyombo vingine vikizibeba.

Hakufanya hivyo kwa bahati. Mwanawe Carl Philipp Emanuel alieleza baadaye kwamba baba yake, walipopiga muziki pamoja, alipenda kupiga viola. Mtu aliyekuwa bingwa wa ogani Ujerumani nzima alichagua kuketi katikati. Kutoka hapo aliisikia besi chini yake na soprano juu yake, akajua nani amekosa na nani amekaza. Alto na tena wetu, mnaolalamika kwamba hakuna anayewasikia, mna mwenzenu mkubwa.

LEIPZIG: KWAYA ISIYOTOSHA

Mwaka 1723 Bach aliajiriwa mwalimu wa muziki katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig. Hakuwa chaguo la kwanza la baraza la mji. Telemann aliitwa kwanza akabaki Hamburg, Graupner naye hakuruhusiwa na mwajiri wake. Ndipo nafasi ikamfikia Bach. Kazi ilijumuisha kufundisha Kilatini, nayo akamlipa mwalimu mwenzake amfanyie.

Miaka ya kwanza aliandika karibu kila wiki kantata mpya, yaani muziki wa ibada wa dakika 20 hivi wenye kwaya, waimbaji binafsi na vyombo. Akimaliza kuandika, sehemu za kila sauti zilinakiliwa kwa mkono na wanafunzi, mkewe na wanawe, wino haujakauka vizuri, na Jumapili asubuhi ikaimbwa.

Mwaka 1730 aliliandikia baraza la mji waraka mrefu kuhusu hali ya kwaya. Shule ilikuwa na wavulana 54 wa kugawanywa katika makanisa manne. Aliwaainisha: 17 wanafaa, 20 bado wanahitaji mafunzo, na 17 hawafai kabisa. Kwaya nzuri, kwa hesabu yake, ilihitaji waimbaji wasiopungua 12, watatu kwa kila sauti, na ingekuwa bora wawe 16. Wapigaji wa vyombo waliohitajika walikuwa 18 au 20. Waliolipwa na mji walikuwa wanane, na wengine kati yao walikuwa wazee. Baraza halikufanya la maana.

Nimeisoma hesabu hiyo nikiwa na daftari letu la mahudhurio mbele yangu. Wanaodhani Bach aliongoza kwaya kubwa wakiwa wamejipanga kama jeshi, wajue alikuwa na upungufu kama sisi. Tofauti ni kwamba hakusubiri ukamilike. Aliendelea kupanga muziki kwa watu waliokuwapo.

Tazama mifano minne.

Wa kwanza ni Oratorio ya Krismasi, iliyoimbwa kwa sehemu sita kuanzia Krismasi ya 1734 hadi Epifania ya 1735. Nyimbo zake nyingi zilikuwa zimeimbwa mwaka uliotangulia katika sherehe za kuzaliwa kwa watu wa jumba la mfalme. Wimbo wa kwanza ulimsifu malkia, na maneno yake yalizitaja ngoma na tarumbeta. Siku ya malkia ilikwisha, na wimbo ungeishia kabatini. Bach akautilia maneno mapya, ngoma zile zile zikamlaki Mtoto Yesu. Leo hakuna anayeimba ule wa malkia isipokuwa mara chache. Huu wa Krismasi huimbwa kila mwaka.

Wa pili ni koncheto za hapsikodi. Kuanzia 1729 Bach aliongoza pia kundi la wanafunzi wa chuo kikuu lililopiga muziki katika mkahawa wa kahawa wa Zimmermann. Huko alizigeuza koncheto zake za fidla kuwa za hapsikodi. Ile aliyoiandika katika E aliishusha hadi D, na ile ya A ndogo akaishusha hadi G ndogo, kwa sababu fidla ilipanda mahali ambapo kinanda chake kiliishia. Kwa hiyo yeyote atakayenung'unika mwalimu wa kwaya akishusha wimbo sauti moja nzima, mwambieni Bach alifanya hivyo zaidi ya mara moja.

Wa tatu unahusu viola ya gamba, chombo cha nyuzi kinachoshikwa kati ya magoti, pamoja na hapsikodi. Kuna kazi moja ya Bach katika G inayopatikana kwa sura mbili. Katika sura moja kuna filimbi mbili na besi, yaani wapigaji watatu au zaidi. Katika sura nyingine wapo wawili tu. Filimbi moja imekuwa mkono wa kulia wa mpiga hapsikodi. Filimbi ya pili imeshushwa oktava moja na kupewa viola ya gamba. Besi imebaki kwenye mkono wa kushoto. Hakuna sauti iliyopotea. Wawili wanafanya kazi ya watatu. Kama kwaya yenu ina waimbaji wawili na kinanda kimoja, mbinu ni hiyo: usikitumie kinanda kupiga kodi tu nyuma ya waimbaji, kipe sauti kamili ya kuimba pamoja nao.

Karibu mwaka 1748 Bach alichapisha kwa njia kama hiyo nyimbo sita za ogani, ambazo angalau tano zimetoka katika kantata zake. Mojawapo ni ule wimbo wa Philipp Nicolai unaosimulia wanawali kumi wanaomngoja bwana arusi. Katika kantata ya 1731, fidla na viola kwa pamoja hupiga wimbo mmoja wa kutembea, tena huimba beti za ibada, na besi hutembea chini. Katika ogani mkono wa kulia hupiga ule wa fidla na viola, mkono wa kushoto huchukua beti za tena, na miguu hupiga besi. Kundi zima la kanisa limewekwa kwenye mikono na miguu ya mtu mmoja.

Wa nne naupenda kuliko yote. Mwaka 1736 kijana wa Italia, Giovanni Battista Pergolesi, alifariki akiwa na miaka 26. Aliacha muziki wa maneno ya Kilatini kuhusu Mama Maria akisimama chini ya msalaba, kwa soprano, alto na nyuzi. Miaka kama 10 hivi baadaye Bach, mzee wa miaka 60, aliuchukua na kuutilia maneno ya Kijerumani yanayotokana na Zaburi ya 51, zaburi ya toba, ili ufae ibada ya Kilutheri. Katika kazi ya Pergolesi viola ilikuwa mara nyingi inaifuata besi tu, kama mtoto aliyeshika nguo ya mama. Bach aliiandikia njia yake mwenyewe. Kila kitu kingine angeweza kukiacha kama kilivyo, na wasikilizaji wengi wasingegundua. Lakini yeye alikuwa ameketi katika kiti kile cha katikati, na alijua mpiga viola naye amekuja kumsifu Mungu.

Wengi wa watu hawa walikuwa hawajuani. Vivaldi alikuwa Mkatoliki, tena padri, Pergolesi naye Mkatoliki, Bach Mlutheri. Muziki ulivuka mipaka hiyo kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekubali kuketi mezani na kalamu na kuupanga upya. Na mwishoni mwa kazi zake nyingi za kanisa aliandika herufi tatu, S.D.G., zenye maana kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake.

KARATASI ZILIVYOPONA NA ZILIVYOPOTEA

Uzeeni macho ya Bach yalidhoofika. Mwaka 1750 alipasuliwa mara mbili na daktari wa macho kutoka Uingereza, John Taylor. Upasuaji haukufaulu, na afya yake ikaharibika. Alifariki tarehe 28 Julai 1750 akiwa na miaka 65. Alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Yohana, Leipzig, bila jiwe la jina. Anna Magdalena aliishi miaka 10 zaidi, akafa mwaka 1760 akitegemea misaada.

Makaratasi ya muziki yaligawanywa. Mjane huyo, pamoja na umaskini wake, aliikabidhi shule ya Mtakatifu Thomas karatasi za sauti za kantata za mwaka mmoja zilizojengwa juu ya nyimbo za ibada. Karatasi hizo ziko Leipzig hadi leo. Mwana mkubwa, Wilhelm Friedemann, alibanwa na shida, akauza fungu lake kidogo kidogo, na nyingi zikapotelea huko. Wasifu wa 1754 ulitaja kantata za kutosha Jumapili na sikukuu zote za miaka mitano. Zilizobaki za kanisa ni karibu 200. Muziki wa Mateso ya Yesu kadiri ya Marko umepotea. Tunayo maneno tu.

Yaliyopona yaliokolewa na kwaya. Mwaka 1829 Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliongoza kwaya ya Singakademie ya Berlin kuimba Mateso ya Yesu kadiri ya Mathayo. Mendelssohn alipunguza sehemu fulani, na vyombo ambavyo havikupatikana tena aliviwekea vingine. Yaani alimfanyia Bach kile ambacho Bach alimfanyia Vivaldi. Ulaya yote ikaanza kumtafuta mzee aliyesahauliwa. Mwaka 1950 mabaki yake yalihamishiwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Thomas, mbele pale alipokuwa akihudumu. Na siku hizi wapigaji wa viola huzipiga sonata zake za viola ya gamba pamoja na hapsikodi au piano, kwa chombo ambacho hazikuandikiwa.

Katika mkutano wetu mkuu uliopita liliulizwa tena lile swali la kubadilisha nyimbo za zamani. Jibu la kamati litatolewa na kamati. Langu kama katibu ni dogo. Tukipanga wimbo upya, tuuandike. Tuandike jina la aliyeutunga, jina la aliyeupanga, tarehe, na sauti zote nne, hata ile ya alto ambayo kila mtu anadhani anaikumbuka kichwani. Walimu wetu wa kwanza walitufundisha nyimbo kwa mdomo na kwa solfa ubaoni, na baadhi yao wameshalala. Zipo nyimbo zao ambazo leo tunazo soprano na besi tu.

Faili la kwaya liko kabatini ofisini. Mlango wake si wa kimia, na hakuna atakayemkataza mtoto kunakili. Yeyote mwenye karatasi ya zamani nyumbani, hata iliyochanika, hata ya sauti moja, ailete baada ya ibada ya leo. Tutaitoa nakala na kumrudishia yake.

Nawatakia jubilei njema.

Katibu wa Kwaya